Karanga za Bluu

Mimi ndiye niliyezitia bluu karanga za Nachingwea, na mpaka leo nikiikumbuka siku ya arobaini ya baba yangu mwili hunisisimka.

Ilikuwa mwaka 1950. Nilikuwa mnyapara wa stoo ya mbegu katika yale mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu. Mbegu zilipakwa unga wa sumu kabla ya kupandwa, zisiliwe na wadudu wala kuoza ardhini. Kisha ikaja amri kutoka juu: kila gunia la mbegu hizo lipigwe mhuri wa fuvu la kichwa, na mbegu zenyewe zitiwe rangi nyekundu, mtu asije akazila kwa kutojua. Nilicheka kwa hasira. Karanga ina ngozi nyekundu tangu Mungu alipoiumba, ukiipaka nyekundu nani atajua? Nikamwambia Bwana wa stoo tutumie bluu ya kufulia, ile ya dukani, tuikoroge na uji wa muhogo ipate kushika. Akakubali na kunisifu mbele ya watu. Nikavimba kichwa wiki nzima.

Bluu hiyo ikatutesa. Kila mbegu ilibidi ianikwe kwenye turubai mpaka ikauke, na jua lenyewe la masika ni la kubahatisha. Matrekta yalisimama shambani yakingoja mbegu, madereva wakawa wanakuja kunitukana mlangoni. Kazi ikarundikana hata nikanyimwa ruhusa ya kwenda kwetu Likunja kwenye arobaini ya baba. Nikailaani amri na aliyeiandika. Kwa hasira hizo sikumweleza mpakiaji hata mmoja kwa nini tunatia bluu. Nilijiambia fuvu linatosha, mwenye macho haambiwi tazama.

Asubuhi ya siku yenyewe ya arobaini, Yunusi akarudi kutoka likizo. Yunusi alikuwa mpakiaji wetu na jirani yetu kule Likunja, mtu mwema asiyejua kupita mlango wa mfiwa bila kubisha hodi. Akanieleza kwa furaha kwamba juzi alikwenda kumpa mama pole, na kwa kuwa msibani haiendwi mkono mtupu, alimpelekea pishi ya karanga za stoo ya mbegu. Akanihakikishia kwamba hakugusa magunia, maana yana fuvu. Alizoa zile zilizomwagika sakafuni, tena zile safi, zilizotiwa bluu.

Kwa Yunusi bluu ilikuwa ile inayong'arisha kanzu ya Ijumaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Kwetu chakula cha arobaini huchangwa. Kila nyumba huleta bakuli lake, karanga zote humwagwa kwenye ungo mmoja, zikatwangwa pamoja na kutiwa kwenye kisamvu. Zikishatwangwa na majani yale, hakuna jicho litakaloiona bluu. Wajomba, shangazi, watoto wa dada zangu na maalimu wote wangekula chungu kimoja. Na mama, kama kawaida yake, angeonja wa kwanza.

Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilidandia lori la mbao mpaka Ruangwa, na kutoka hapo nikashika njia ya Likunja kwa miguu, nikikimbia, nikichoka natembea, nikitembea nalia, nalia huku najitukana. Bluu ya kufulia! Mjinga gani anaionya dunia kwa kitu ambacho dunia inakipenda?

Nilifika hitima ikiwa inamalizika. Wanaume walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Sikumwamkia mtu, nikapita moja kwa moja uani kwa wanawake, jambo ambalo mwanamume mwenye adabu hafanyi. Chungu cha kisamvu kilikuwa kimeepuliwa, kinafuka mvuke. Nikakipiga teke. Kikavunjika, sadaka yote ya baba yangu ikasambaa mavumbini.

Wanawake wakabaki wameshika vichwa. Shangazi Sikuzani, dada yake marehemu, akaanza kuniapiza. Mama yangu, Mwanaheri, alikuwa ameketi karibu na mafiga, akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Nani amekula?" nikauliza.

"Hajala mtu. Una nini, Kaimu?"

"Karanga za Yunusi. Zile za bluu. Zina sumu, mama."

Akashusha pumzi, akafunga upya khanga kiunoni.

"Karanga za Yunusi hazimo humo," akasema. "Aliniambia zimetoka stoo ya mbegu. Mbegu hailiwi. Nimezipanda jana kule bondeni, zote."

"Ulinawa mikono?"

"Mimi nilijua kunawa kabla baba yako hajaja kunichumbia."

Nikakaa chini palepale kwenye matope ya kisamvu, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha machozi yakaendelea yenyewe. Hakuwa amekufa mtu. Wala hapakuwa na aliyeumwa hata tumbo. Niliwatazama wote mmoja mmoja, hata shangazi aliyekuwa bado ananiapiza, nikaona sijapata kuwapenda kama siku ile. Nikainuka, nikaenda mbele ya wanaume, nikawaeleza kila kitu bila kujificha: sumu, amri, bluu, na kiburi changu. Maalimu akasema Alhamdulillahi. Wakala ugali kwa maharage machache yaliyokuwa jikoni, wala sikumsikia aliyenung'unika.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka, moyo umetulia, najiona mwana aliyeokolewa na hekima ya mama yake. Mama akaja, akakaa kando yangu.

"Hao wapakiaji wenzake Yunusi," akasema, "nao wana mama zao. Umewaambia?"

Nikasema bado.

Akaniwekea ugali uliobaki kwenye jani la mgomba, akaufunga vizuri, akaniambia niondoke sasa hivi niwahi kule Ruangwa lori linalorudi Nachingwea.