Mkono wa Masizi

Mwezi wa tatu huu Wanu anakaa eda ya kufiwa na mumewe, nyumbani Mtoni, na maharusi aliokuwa akiwachora hina wamekwenda kwa wengine. Wifi yake, Badria, aliyehamia kumtazama, au tuseme kumlinda, alikwishaitupa hata hina iliyobaki kabatini.

"Mwenye eda hajipambi!"

Kwani nani anajipamba? Mtu anataka kuchora tu!

Asubuhi ile mikono ilimuwasha kwa kukaa bure. Akachovya kidole kwenye masizi ya sufuria, akachora ukutani jikoni maua yale yale ya maharusi. Yakatoka mabaya, kama uchafu. Akayafuta kwa hasira, na alama ya kiganja chake ikabaki ukutani.

Akaitazama sana. Kisha pembeni yake akachora mkono mwengine, mpana, wenye kidole cha mwisho kilichopinda. Hakutia ua hata moja.

"Eda gani hii, Wanu?" Badria aliingia akifoka. Mara akautambua mkono wa kaka yake, akausogelea ukuta.

"Umekosea," alisema. "Kidole kile kilipinda zaidi."

Akachovya chake kwenye masizi.