Raba Namba Thelathini na Nane

Duka la Kasese lilifunguliwa saa mbili asubuhi. Saa mbili na robo raba za mpira wa kikapu zilikuwa zimekwisha. Kiwanda kilizitengeneza za bei nafuu kwa ajili ya wachezaji, kikapiga muhuri wa bei kwenye soli, elfu sabini, kikaagiza kila mtu auziwe jozi moja tu. Davis, mchuuzi wa viatu wa Bwera, aliliheshimu agizo. Alileta waendesha bodaboda arobaini kutoka Kinyamaseke, kila mmoja akanunua jozi moja, wakamkabidhi.

Jumatano Ketura, mchezaji wa timu ya Bwera, aliingia dukani kwa Davis. Fainali ilikuwa Jumamosi, na asiye na raba hachezi.

"Bosi, kwa soli waliandika elfu sabini."

"Hiyo iko bei ya kusoma," alisema Davis. "Ya kununua iko laki tatu."

"Niko na themanini."

"Basi nunua ndala, dada. Itabaki ya soda."

Jioni hiyo jozi namba thelathini na nane ilishuka kwenye rafu. Nyingine tisa ziliifuata. Zilivuka barabara zikipisha malori ya Kongo, zikafika uwanjani, zikacheza tano kwa tano bila miguu ndani. Ziliporuka, mpira ulipaa wenyewe. Bulandina, muuza mihogo, alisema zile nyeupe zinachelewa kurudi kulinda.

Alhamisi Davis aliuzungushia uwanja kamba na kutoza kiingilio. Ijumaa aliikodishia timu jozi tano.

Jumamosi, mjini Kasese, refa alisoma kitabu cha sheria. Kilidai mchezaji awe na raba. Hakikudai raba ziwe na mchezaji. Kocha wa Bwera, Jolly, akafuta majina matano, la Ketura kwanza, akaandika namba za raba.

"Usinune, mutoto," alimwambia. "Hizi haziombi nauli wala chakula."

Ketura alilipa kiingilio, akaelekezwa upande wa jua, waliko wenye ndala.

Bwera ilishinda kwa pointi kumi na moja. Mgeni rasmi alizisifu raba kwa nidhamu, akawahimiza vijana waige mfano wa raba hizo. Jumatatu bei ilikuwa laki tano, maana sasa zilikuwa na uzoefu.

Kitu kimoja tu hazikukiweza: kujifunga kamba. Davis alimwajiri Ketura.