Laban Yuko Chali

Kwa Selpha, nyumba yenye kiti kitupu ni nyumba yenye njaa. Ndiyo maana wageni wa Port Victoria walipokuja Nyalenda kuangalia boma, aliita mtaa mzima: wanawake wa sokoni aliouza nao samaki, fundi cherehani wa mlango wa pili, mashemeji wa Dunga, hata wale ambao hawakuwa wamesemezana naye tangu Krismasi. Ambaye hakuitwa alikuja mwenyewe, maana harufu ya samaki ngege wa kukaanga haingoji mwaliko.

Aliyekosekana ni mmoja tu, naye ndiye mwenye shughuli. Laban, kifungua mimba wake, alitaka kumwoa Lornah, binti wa Port Victoria. Lakini jeshi lililomwajiri kwa sababu ya kujua kuogelea lilikuwa limempeleka kwenye mashindano ya kimataifa kule Nairobi, na siku ya mbio zake ikaangukia siku hiyo hiyo ya wageni. Selpha hakuthubutu kuahirisha. Wageni wa namna ile ukiwaambia wasije leo, kesho wanajua njia ya kwa mwingine. Na huyo mwingine alikuwepo: mwalimu fulani aliyesemekana anapitapita kwa kina Lornah na baiskeli mpya, akiuliza njia ambayo anaijua.

Msafara uliongozwa na Mzee Waliaula, baba mdogo wa Lornah. Ndugu zake walikuwa wamemwachia neno lote: akisema ndiyo, ni ndiyo. Alikuwa mvuvi mrefu, mkavu, mwenye maneno ya kuhesabika, yaani mtu wa aina ile ambayo Selpha hakujua kamwe namna ya kukaa nayo. Ukimpa habari ya mvua, anatikisa kichwa. Ukimpa bei ya omena, dagaa wa ziwani, anatikisa kichwa. Ukimpa habari tamu ya mchungaji na mwimbaji wa sauti ya kwanza, ambayo mtu mwingine yeyote angeisogezea kiti, anatazama dari. Tangu aketi alikuwa ameuliza swali moja tu, kwamba mwenye kuoa yuko wapi.

Selpha alimjibu kwa mapana. Alisema Laban yuko ndani ya maji kwa niaba ya Kenya, anashindana na watu waliokuja kwa ndege, na kwamba leo hii, kabla sahani hazijatolewa, redio itamtaja kwa jina. Waliaula alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema kwa upole kwamba kwao hata mbwa anaogelea.

Watu wakacheka, Selpha naye akacheka, ila moyoni alimhesabia.

Redio ilikuwa ya Saleh, mume wa Habiba, jirani yao. Betri zake zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Chakula kikaandaliwa, maji ya kunawa yakazungushwa, na Waliaula akamega ugali, akachovya mchuzi, akavunja samaki ubavuni kama mtu aliyemjua huyo samaki kwa jina. Selpha akavuta pumzi. Mgeni aliyeonja bado hajakataa.

Hapo redio ikakohoa. Sauti ya mtangazaji ikawa inakuja vipande vipande, kama inapita kwenye neti iliyotoboka. Watu wakanyamazishana. Ikaja kelele ya umati, ikaja mvumo, kisha yakatoka maneno manne ambayo kila aliyekuwamo aliyasikia sawasawa: Laban. Oketch. Kenya. Chali.

Kisha redio ikakatika.

Neno lile walilijua. Lilikuwa la mpira. Kila Jumapili mtangazaji akisema golikipa yuko chali, baada yake huingia machela, na baada ya machela hakuna habari njema. Adero, muuza omena ambaye mtaani hujulikana kwa kulia kuwashinda wenye msiba, akaweka mikono kichwani na kupiga nduru iliyosikika hadi kwenye bomba la maji. Wenzake wakaipokea. Waliaula akatoa mkono kwenye sahani kama ameungua. Mkwe hali chakula kwenye nyumba iliyofikiwa na kifo, na huyu hata mkwe alikuwa hajawa. Alinawa, akasimama, akachukua kofia yake, na wanawake aliokuja nao wakaanza kukusanya leso zao.

Selpha hakulia. Alibaki na sahani ya mchuzi mkononi, na machoni pake hapakuwa na nyumba wala watu, palikuwa na maji tu, na juu ya maji mwanawe amelala uso juu, ametulia, kama wale aliowahi kuwaona wakiletwa ufuoni Dunga.

Nduru ndiyo iliyomtoa Habiba jikoni nyuma ya nyumba, alikokuwa akisukuma chapati. Aliingia na unga hadi kwenye viwiko, akauliza nani amekufa. Akaambiwa ni Laban, redio imesema yuko chali. Habiba alizaliwa Mombasa. Alishika fremu ya mlango, akacheka mpaka akateremka nayo chini.

"Nyinyi watu mtaniua," alisema. "Chali si kufa. Wanaogelea chali. Mgongo chini, uso juu. Ndiyo mbio zenyewe hizo."

Akaijia redio, akaipiga kofi la unga ubavuni. Redio ikapata akili. Mtangazaji alikuwa anapaza sauti sasa, wamegusa ukuta, wamegeuka, wanarudi, Mkenya wa sita, Mkenya wa tano, anamkaribia yule wa nne. Adero, ambaye nduru ilikuwa bado imemjaa kifuani, hakuona haja ya kuitupa. Aliigeuzia mdomoni tu ikatoka vigelegele. Laban akamaliza wa nne. Medali hakuna, lakini Nyalenda ilipokea ile namba nne kama ng'ombe aliyepatikana, na Selpha akajikuta ameketi sakafuni, mchuzi umemmwagikia gauni la Jumapili, wala hajali.

Waliaula bado alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mama Laban," alisema, na kelele zikafa. "Huyu kijana anaogelea akiangalia mbinguni."

"Ndiyo, Mzee."

"Anakokwenda hakuoni."

"Hakuoni, Mzee."

"Na mnataka mtoto wetu tumpatie mtu anayekwenda kinyumenyume."

Selpha alikuwa mwanamke wa maneno mia kwa kila moja la mwenzake, lakini yale mia yote yalikimbia. Aliona ile baiskeli mpya ikipita. Likabaki neno moja, naye akalishika.

"Mzee, nyinyi mkivuta wavu pale ufuoni, mnakwenda mbele?"

Hakuna asiyejua wavu ule unavyovutwa. Wanaume wanaegemea kamba, macho ziwani, visigino vinatangulia nchi kavu hatua kwa hatua. Aliyegeuza uso nyumbani, huyo havuti.

Mabega ya Waliaula ndiyo yaliyoanza kutikisika, kisha kitambi kidogo alichokuwa amekificha ndani ya koti, na mwisho kicheko chenyewe, kikavu, cha mtu asiyekitumia mara kwa mara. Akaketi, akaomba maji ya kunawa tena. Alitaka kujua walikuwa wangapi majini. Akaambiwa wanane.

"Basi wanne amewaacha. Amewaacha nyuma, ama mbele?"

Swali hilo lilikula saa nzima. Fundi cherehani alilala juu ya benchi kuonyesha, mashemeji wa Dunga wakampinga, Habiba akawapinga wote, chapati zikaisha na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Waliaula alimaliza samaki hadi kichwa, akafyonza na macho.

Stendi, kabla hajapanda gari, ndipo aliposema lile Selpha aliloanikia betri tangu asubuhi.

"Mwambie aje kwetu mwezi ujao, tupange siku. Na aje akitembea kama watu. Nataka kumwona uso."

Selpha alirudi nyumbani giza likiwa limeshaingia, ingawa stendi si mbali. Palikuwa na milango mingi njiani, na kila mlango ulitaka kuisikia upya kuanzia mwanzo.