Jino la Chuma na Punje Tatu za Mahindi

Magdaline alikuwa na swali moja, na lilikuwa limemshinda kila aliyeulizwa: jino la kupandikizwa, lile linalofungwa kwenye taya kwa skrubu, likiuma punje ya mahindi, linasikia?

Watu walidhani anatania. Fundi wa viatu jirani yake kule Kianda alicheka mpaka akaangusha nyundo. Kaka yake, Jeconia, alimkumbusha kwamba mama yao alitolewa meno sita ya chini kwa mila akiwa msichana, na akala samaki na miiba yake mpaka miaka themanini na tisa bila kumsumbua mtu kwa maswali. Ni kweli. Lakini mama yao hakuwa akiuza mahindi Kawangware.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lori likifika sokoni, Magdaline alichukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akakichoma ubavuni mwa gunia na kutoa punje chache. Alizitazama, akazinusa, kisha akauma moja. Punje kavu hupasuka kwa mlio. Punje mbichi hubonyea. Hizo mbili hata mtoto anazijua. Taabu iko kwenye punje ya katikati, ile iliyoanikwa siku mbili badala ya nne, kisha wajanja wakaichanganya na kavu ili wawahi soko. Ikiingia stoo inatulia kama haina neno, na wiki tatu baadaye inaota ukungu, na ukungu wa mahindi ni sumu ambayo haitoki hata uchemshe vipi. Kwa miaka ishirini na sita Magdaline aliikamata punje hiyo kwa gego. Wenye vinu vya kusaga kule Makina hawakuuliza kama mahindi yamepimwa. Waliuliza, "Mama Daisy ameyauma?"

Binti yake Daisy alimnunulia mashine ya kupima unyevu. Ilitaka kikombe kizima cha punje na dakika nzima kwa kila gunia, na dereva mwenye magunia themanini hamngoji mtu. Mashine ikapata pahali pake kabatini, karibu na vikombe vya wageni.

Kisha meno yakaanza kumtoka. Gego moja la chini kushoto lilivunjwa na jiwe lililojificha kwenye maharagwe. La pili, jirani yake, lilioza kimyakimya na kung'olewa. Kazi yote ikahamia kulia. Gego la kulia likala ugali, likatafuna nyama, likauma na mahindi ya soko zima, mpaka nalo likaanza kulalamika. Mwezi wa tano, mvua ikinyesha na jino likimpwita, Magdaline aliuma punje juujuu tu, kwa woga wa maumivu, akasema, "Kavu." Magunia mawili yakaenda shule moja ya Kianda.

Mpishi wa shule hiyo, Sella, alipofungua gunia la pili alikuta mahindi yamegeuka kijani. Hakuna mtoto aliyeyala, kwa sababu Sella ana pua nzuri. Magdaline alirudisha pesa, akayabeba yale mahindi na kuyachoma moto mwenyewe. Sella hakumgombeza. Aliendelea kununua, ila sasa kila gunia alilifungua na kulinusa mbele yake, na hilo lilimuuma Magdaline kuliko matusi. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu. Siku Sella atakapokuwa na mafua, itakuwaje?

Alijaribu meno ya kuvaa na kuvua. Yalimbana, kwa hiyo ikifika saa ya kula aliyavua na kuyafunga kwenye leso, jambo ambalo mtu angesema ni kununua mwavuli wa kuuficha mvua ikija. Na kuuma mahindi kwa meno hayo kulikuwa sawa na kumsikiliza mtu anayezungumza chini ya godoro.

Ndipo akapanda ngazi za kliniki ya Daktari Wangoi, ghorofa ya pili, ng'ambo ya soko.

"Mama Daisy, hii ya kupandikiza ni kitu ya muda mrefu," daktari alimwambia. "Naweka skrubu kwa taya, tunangoja mfupa iishike, miezi nne ama tano, alafu juu naweka kofia ya jino. Ukiisafisha vizuri inaweza enda miaka ishirini, hata zaidi. Kofia pengine utabadilisha mara moja hapo katikati. Hizo za kuvaa, kila miaka tano, sita, uko hapa tena, na mfupa ya chini inaendelea kuisha."

Kisha akataja bei. Jino moja lilikuwa sawa na pikipiki. Si mpya, lakini inayowaka kwa teke la kwanza. Magdaline akauliza swali lake.

"Na inasikia?"

"Baridi? Hapana. Haina mshipa."

"Si baridi. Mahindi."

Daktari Wangoi aliweka kioo chake chini. "Ngoja. Jino yako ya kuzaliwa imeshikwa na nyuzi ndogondogo. Hizo ndio zinakuambia hii ni ngumu, hii ni laini. Hii ya chuma imeshikana na mfupa moja kwa moja, haina nyuzi. Watu wanasema wanaskia kiasi, kupitia mfupa. Lakini mahindi?" Akacheka, si kwa dharau. "Miaka kumi na moja kwa hii kazi, sijawahi ulizwa swali ya mahindi."

"Nani anajua?"

"Mwenye ameweka. Ukipata jibu, hata mimi uniambie." Kisha akaligusa lile gego la kulia kwa kijiti cha chuma, na Magdaline akaruka kitini. "Na hii imechoka, Mama. Inafanya kazi ya meno tatu. Ikiendelea hivi, miaka miwili naing'oa."

Magdaline aliyasikia hayo, lakini akili yake ilikuwa imeshashuka ngazi kwenda kumtafuta mwenye jino la chuma.

Hakwenda mbali. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama ni hivyo, sijui tuyaweke wapi meno ya Mzee Gichuru, maana yalikuwa yametembea Kawangware nzima. Gichuru alikuwa mwenye ploti, na stoo ya Magdaline ilikuwa yake. Miaka saba iliyopita alipandikizwa magego mawili upande wa kulia, na tangu hapo hajawahi kukosa sababu ya kufungua mdomo.

"Meno ya kuvaa ni kodi," alipenda kusema. "Unalipa mpaka ufe. Hii yangu ni title deed, hati ya ploti."

Jumamosi alasiri Magdaline alimwekea kiti cha plastiki mbele ya stoo. Akafunga vifurushi vitatu vya gazeti: kimoja punje kavu, kimoja mbichi, kimoja za katikati. Opondo, kiongozi wa wabeba magunia, mtu mzima mwenye shingo nene na mdomo usiojua kutulia, alikuja kushuhudia bila kualikwa.

"Unataka niume mahindi ya gunia?" Gichuru aliuliza. "Na ikivunja meno yangu?"

"Si ni title deed, Mzee?" Opondo akamchokoza. "Title inavunjwa na mahindi?"

Ilibidi mzee akubali. Majivuno yana gharama yake. Magdaline alimfunga macho kwa skafu yake mwenyewe na kumwekea punje ya kwanza upande wa chuma. Ikalia.

"Kavu," Gichuru alisema.

"Sawa. Hii?"

"Hii mbichi. Kwani unanionaje?"

Magdaline akahisi moyo wake unapanda. Kumbe linasikia! Akachukua punje ya katikati, akamwekea mdomoni. Gichuru akauma.

"Kavu," akasema bila kusita.

Magdaline akachanganya vifurushi, akampa tena. Kavu ilikuwa kavu, mbichi ilikuwa mbichi, na ya katikati ikawa kavu. Mara ya tatu hivyohivyo. Punje iliyokuwa ikimnyima raha ilikuwa inapita mbele ya meno ya bei ya pikipiki mbili, nayo hayaioni. Matumaini yakamwisha. Alikuwa ameshajiona tena miaka ishirini mbele, mwanamke wa miaka sabini na tatu anayeaminiwa na soko, na sasa picha hiyo ikafutika.

"Jaribu ile ingine," alisema, zaidi kwa kutaka kujua kuliko kwa tumaini. "Upande wa kushoto. Meno yako ya kuzaliwa."

Gichuru akahamisha punje ya katikati kwa ulimi, akauma. Safari hii hakujibu haraka. Akakunja uso chini ya skafu.

"Nipatie ingine kama hii," alisema. Akauma tena, polepole. "Hii... hii inainama kidogo kabla ivunjike."

Magdaline alisimama wima. Kwa miaka ishirini na sita aliijua punje hiyo, na hakuwahi kupata maneno ya kuieleza. Inainama kidogo kabla ivunjike. Ndiyo yenyewe hasa.

Gichuru alivua skafu, amenywea. "Kwa hivyo miaka saba nimekaa na viziwi kwa mdomo."

"Viziwi wa bei," Opondo akasema.

"Lakini nyama wanakula," mzee akajitetea. "Mifupa wanakula. Na wamenisaidia, usicheke. Hii ya kushoto unaona, ilikuwa imeanza kulegea nikikula nayo peke yake. Kuweka hizi, ikapumzika. Sai iko imara."

Magdaline akamwinamia na kuchungulia mdomoni mwake bila hata kuomba ruhusa. Lile gego la kushoto lilikuwa la zamani, la rangi ya chai, limesimama imara kabisa. Kisha akageuka akamtazama Opondo, ambaye alikuwa amechoka kukaa na sasa alikuwa akijitwika gunia la kilo tisini kulipeleka ndani. Akamtazama kwa muda mrefu, mpaka Opondo akauliza kama ana deni lake. Magdaline akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango.

Jumatatu asubuhi alikuwa juu ya ngazi za kliniki kabla haijafunguliwa.

"Umepata jibu?" daktari alimuuliza hata kabla ya kuvaa koti.

"Nimepata. Haisikii. Ngumu na laini inajua, ile ya katikati inapita tu. Niwekee."

"Mama, kama haisikii..."

"Daktari, kwa stoo yangu Opondo anabeba, mimi napima. Hakuna siku nimemwambia Opondo apime. Na mimi ningekuwa nabeba magunia, saa hii ningekuwa nimevunjika mgongo, na kupima pia singeweza. Sasa hii jino yangu ya kulia ndio inabeba na ndio inapima. Niwekee Opondo upande wa kushoto. Ikule, itafune, ibebe. Hii ya kulia nataka kuiwekea kazi moja pekee."

Daktari Wangoi akavuta kiti akaketi karibu naye. Alimweleza kwamba gego la kulia lina ufa mdogo, na kwamba kama ni yeye angelizuia lisiume mahindi kabisa. Magdaline akasema hilo haliwezekani. Wakavutana kwa heshima, wakakubaliana: gego lizibwe ufa na lipumzike kutafuna chakula, liume mahindi tu.

"Tuweke mbili kushoto?" daktari akauliza.

"Moja. Pikipiki moja inanitosha."

Miezi ya kungoja ilikuwa mirefu. Magdaline alikula uji na viazi vya kupondwa, na kwa mara ya kwanza mashine ya Daisy ikatoka kabatini, madereva wakanung'unika, dunia isiishe. Mfupa ukashika. Kofia ikawekwa. Siku ya kwanza alitafuna githeri ya mahindi na maharagwe kwa kushoto na kuona ajabu: chakula kilisagika, lakini upande huo haukumpa habari yoyote, sawasawa na Opondo akiwa amenuna. Wiki chache baadaye alisahau kabisa kwamba kuna chuma. Na kulia, maumivu yakapungua siku baada ya siku, mpaka asubuhi moja akayatafuta akayakosa.

Mwezi wa tano mvua ikarudi, na lori la magunia themanini likaja nayo. Magdaline alichoma bambo, akauma, akapitisha. Kwenye gunia la kumi na tisa alisimama.

"Hiyo ni kavu, Mama," dereva akasema. "Kavu kabisa."

Magdaline akatoa punje nyingine, akaiweka kulia na kuiuma kwa nguvu zote, bila kukunja uso, bila woga. Ikainama kidogo kabla ya kuvunjika.

"Opondo," aliita. "Hii weka kando."

Alasiri ile Sella alikuja kuchukua magunia mawili ya shule. Akafungua la kwanza na kuinama kulinusa, kama alivyofanya mwaka mzima. Magdaline hakumzuia.

"Nusa tu," alimwambia. "Mimi nimeshauma."