Mahudhurio ya Wodini

Mimi nimefundisha miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo mtu asiniambie watu wakae duara asubuhi bila kuitwa majina. Siku yangu ya kwanza kwenye kikao cha pamoja, wodi ya wagonjwa wa akili, tulikaa watu saba tumenuna. Nikachukua daftari.

"Fundi Mwashi?"

"Nipo."

"Dereva?"

"Yaani, nipo, mwalimu."

"Bibi Harusi?" Huyo aliletwa na shela kichwani na hadi leo hajalivua.

"Nipo!"

Nesi akacheka, akaniachia kazi hiyo.

Kikaoni tulipokezana mto mdogo wa kitandani: aliyeushika ndiye anayesema, na anasema ya kwake tu. Mimi mto ukinifikia nilisahihisha ya wenzangu, kisha nikaupitisha. Dereva nilimwagiza apunguze "yaani".

Siku ya kumi na mbili daktari akaniita. "Mwalimu, binti yako anajifungua wiki ijayo, na unataka uwe naye. Lakini hujatuambia hata neno moja kuhusu wewe. Nitakuruhusuje?"

Nilitoka pale nimefura. Mjukuu wa kwanza, jamani!

Kesho yake niliita majina kwa hasira. Nilipofunga daftari, Fundi Mwashi, ambaye zaidi ya "nipo" hatukuwahi kumsikia, akasema, "Umebakiza mmoja."

"Nani?"

"Wewe. Siku zote hizi hujajiita."

Nilitaka kumjibu kwamba mwalimu hajiiti. Badala yake nikafungua daftari. "Mwalimu?"

Bibi Harusi akaninong'oneza, "Itika basi, mama."

"Nipo," nikasema.

Nikauvuta mto. Nikawaambia kwamba tangu nistaafu nilijifungia ndani miezi mitatu, sili, siogi, kila asubuhi nawaita wanafunzi ambao hawapo na kuwagombeza kwa kutoitika. Nikawaambia naona aibu. Nililia mpaka mto ukalowa, na hakuna aliyenisahihisha.

"Yaani, mwalimu," Dereva akasema, "yaani..." Akashindwa kuendelea. Tukaangua kicheko wote, mimi wa kwanza.

Ijumaa binti yangu alikuja kunichukua, tumbo mbele, ananihimiza kana kwamba anayejifungua ni mimi. Tulipopita kwenye chumba cha kikao nikasikia Fundi Mwashi anaita majina, daftari mkononi, sauti juu.

"Mwalimu?"

"Sipo!" nikaitika kwa nguvu, na binti yangu akaniuliza nacheka nini.