Alama za Ukurasa wa Thelathini

Rafu iliyo karibu na mlango wa maktaba ni yangu. Mkuu wa maktaba alinikabidhi nilipomaliza masomo ya jioni: upande mmoja niweke riwaya zinazopendwa, upande mwingine vitabu vya maisha ya watu. Nikaandika kibao, TUNAKUSHAURI USOME, nikakipamba kwa kalamu za rangi nilizompokonya binti yangu, ambaye kwa umri wake kalamu bado ni chakula.

Riwaya zilikwenda. Maisha ya watu yakabaki pale kama wageni waliokosa wa kuwapokea. Mkuu akayatazama, akatazama na soketi ya umeme ukutani, akasema mwezi ukiisha vitabu hivyo vikiwa bado vimelala, rafu itaondoka na pale patakaa mashine ya fotokopi. Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Mtu mbaya unaweza kugombana naye.

Basi nikaanza kuvinadi. Fundi cherehani, mama mmoja anayekuja kila Jumanne na pini zimechomekwa kwenye kola, nilimsifia kitabu cha mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima mpaka akapokea na wajukuu wao. Alikifungua ukurasa wa thelathini, akachungulia, akakirudisha. Maisha ya watu, akanieleza, yeye huyapata bure. Mteja akisimama kupimwa kiuno hutapika yote. Akachukua riwaya ya mapenzi, nayo baada ya kuchungulia ukurasa uleule.

Dereva mstaafu wa basi akafanya vivyo hivyo na kitabu cha mchezaji mpira. Ukurasa wa thelathini, jicho moja, pa, akakifunga. Alisema huyo amemwona akicheza kwa macho yake, yaliyobaki ni chumvi. Nilitamani kujipiga kichwa na kile kibao changu. Nani anahukumu kitabu kwa ukurasa mmoja, tena ule ambao hadithi ndiyo kwanza inajifunga mkanda?

Wiki ileile Mkuu aliona michoro ya penseli pembezoni mwa kurasa, akaniamuru niifute. Duara hapa, kijiti pale. Nikasugua riwaya moja baada ya nyingine mpaka vidole vikawaka, huku nikiwalaani kimoyomoyo wanafunzi wasio na adabu.

Jumanne fundi aliingia, akaweka kitabu mezani bila salamu.

"Nani kafuta sindano yangu?"

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Wasomaji wa siku nyingi, kila mmoja ana alama yake, na akimaliza kitabu huiweka ukurasa wa thelathini ili asikiazime tena. Yeye huchora sindano, dereva gurudumu. Juzi alipita haraka, akaondoka na riwaya aliyokwisha kuisoma, na hakukumbuka mpaka bwana harusi alipolazwa hospitali.

"Nimemlilia mtu yuleyule mara mbili," akasema. "Na safari hii nilijua anakufa."

Dereva, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa na malalamiko makubwa zaidi. Yeye huifuata sindano ya fundi. Ikisimama, kitabu ni kizuri. Ikilala, achana nacho.

"Umetung'olea alama za barabarani, dada. Sasa tunaendesha kwa kubahatisha."

Machozi ya hasira yakanilenga. Kumbe muda wote nikihangaika na rangi zangu, wao walikuwa wakishauriana chini ya pua yangu. Nikauliza, kwa sauti iliyonipanda, kwa nini basi hawagusi maisha ya watu. Fundi akasema vitabu vile havina alama, na nani atakuwa wa kwanza kujitosa? Nikamkumbusha kwamba nimemweleza habari za yule mkunga mpaka ulimi umekauka.

"Kila muuza kitambaa huniambia hakichuji, mwanangu. Wewe umekisoma?"

Nilikisoma. Nilikisoma nikinyonyesha, kitabu nimekiegemeza mgongoni kwa mtoto, na pale mkunga anapojifungua mwenyewe bila mtu wa kumshika mkono, nililia mpaka nikamlowesha binti yangu utosi. Nikamwambia hivyo. Akakichomoa kitabu cha mkunga rafuni, akanisogezea.

"Sasa hilo mbona hukulisema? Alama yako iko wapi?"

Mlango wa ofisi ya Mkuu ulikuwa wazi. Kifutio kilikuwa mfukoni mwangu. Nikafungua ukurasa wa thelathini, nikachora chupa ndogo ya maziwa, imesimama. Fundi akaondoka na mkunga wake.

Kitabu kilirudi na sindano kando ya chupa, nayo imesimama wima. Dereva akakichukua bila kunisikiliza hata neno. Nami nikatia alama kila nilichosoma, kwa haki. Yule mchezaji nilimlazia chupa ubavu. Dereva akasema hatimaye amepatikana mkweli, akamwazima ili ahakikishe.

Mwezi ulipoisha, Mkuu alikuja na fundi wa fotokopi mwenye futi ya kupimia. Upande wa maisha ya watu kilibaki kitabu kimoja, cha mhandisi wa madaraja, alichokichagua Mkuu mwenyewe. Akauliza hiki kina kasoro gani. Nikamfungulia ukurasa wa thelathini, mweupe, nikamweleza yote, kifutio na chupa. Nikamuuliza kama yeye amekisoma.

Akakohoa. Alisema alikianza.

Nikamnyooshea penseli. Akaitazama, akamtazama mwenye futi, akamwambia akapime kule kwenye korido ya choo. Kisha akamchukua mhandisi wake kwapani. Mlangoni akageuka.

"Kama sikukipenda, nakilaza?"

"Unakilaza, Mkuu."