Wanachama Hai wa Bladensburg

Jumamosi saa saba mchana Honorata alipanga viti sitini katika ukumbi wa chini ya kanisa, Bladensburg, nje kidogo ya jiji la Washington, Marekani, akachemsha chai ya tangawizi, akaliweka daftari la mahudhurio kwenye meza ya mlangoni. Mkutano ulikuwa umeitishwa saa nane. Watu wa kwanza waliingia saa tisa na nusu, nao walikuwa Warumi.

Walikuwa kumi na tisa, wazee watupu, wamejifunga mashuka meupe yenye utepe wa zambarau. Walikufa miaka elfu mbili na ushei iliyopita, na enzi za uhai wao walikuwa maseneta, wakati jamhuri yao inavunjika mikononi mwa wakubwa waliogombea kiti kimoja. Washington walikuja kwa sababu ya nguzo za majumba ya serikali, wakidhani wamefika kwao. Hawakupata wa kuzungumza naye, wakafuata harufu ya pilau mpaka Bladensburg. Siku ya kwanza Fahmi wa Tanga aliwapa asalaam aleikum akidhani wametoka Umra, wakamwitikia vizuri tu. Kiswahili chao kilikuwa cha taarifa ya habari.

Umoja ulikuwa wa kufa na kuzikana, wa Watanzania, Wakenya na Wakongo wachache, na kazi yake ilikuwa moja: mwanachama akifa, arudishwe kwao. Mengine yote yalikuwa siasa. Katiba ilisema akidi ni wanachama hai arobaini, na mwanachama hai ni yule aliyehudhuria mikutano mitatu mfululizo. Kifungu hicho walikitunga mahasimu wawili, Leonard wa tawi la Adelphi na Festus wa tawi la Columbia Heights, kila mmoja akitaka kuwapunguza watu wa mwenzake. Ndilo jambo pekee waliloelewana. Tangu hapo wa Leonard wakija, wa Festus wanasusa, na wa Festus wakija, wa Leonard wana harusi. Bila Warumi akidi isingetimia hata siku moja. Walihudhuria mikutano mitatu, wakaandikwa hai, na hakuna aliyepinga, kwa kuwa katiba haikusema lolote kuhusu mapigo ya moyo.

Siku hiyo ajenda ya sita ilikuwa Vaileth. Yeye na Honorata walikaa chumba kimoja Adelphi miaka tisa, wakihudumia wazee wa watu kwa zamu, huyu akirudi yule anatoka, kitanda hakipoi. Alikufa Jumanne kwa maradhi ya figo. Kabla hajafa alimshika Honorata mkono, akasema, "Dada, nirudishe Tukuyu nilale karibu na mama. Nisilale hapa. Hapa nimefanya kazi tu." Honorata aliahidi. Alimpenda kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na ahadi ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leonard, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, alilipekua daftari taratibu.

"Marehemu hakuhudhuria mikutano mitatu," alisema. "Kwa hiyo si mwanachama hai."

"Alikuwa amelazwa, Kaka Leonard. Wewe mwenyewe ulimpelekea machungwa."

"Machungwa nilipeleka kama mimi. Hapa naongea kama kiti."

Ilikuwa zamu ya watu wa Festus kususa, ila Festus mwenyewe alikuja kuhakikisha wamesusa. "Rules ni rules, Honorata," alisema kwa upole. "Tukianza ku-bend moja, zote zitaenda."

Ndipo Mrumi mmoja akanyosha mkono. Huyu shuka lake lilikuwa na matundu mengi ya visu mgongoni, na siku zote alikaa kwenye kiti cha ukutani. "Kifungu kinasema ahudhurie," alisema. "Hakisemi awe katika hali gani. Sisi tulianza hivyo hivyo." Fahmi aliunga mkono, hoja ikapita kwamba marehemu naye ahudhurie mikutano mitatu, Honorata akaiandika.

Jumamosi iliyofuata Vaileth alikuja kwa miguu, maana nyumba ya maiti ilikuwa mtaa wa pili. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Alisaini, akaomba chai, akakizungushia kikombe mikono yake ya baridi. Siku hiyo ilitangazwa kwamba Elkanah, mjumbe wa tatu wa kamati, aliyekuwa akiwaamua Leonard na Festus kila walipokunjana, amehamia Delaware. "Mashariki," walinong'onezana Warumi, wakatikisa vichwa, maana mkubwa wao wa tatu naye alikwenda huko asirudi. Kamati ya watatu ikabaki na wawili.

Mkutano wa pili, Festus alivuka daraja. Katiba ilikataza kiongozi wa tawi kuvuka Mto Anacostia na watu waliovaa sare, kwa kuhofia fujo. Festus alisimama kidogo kwenye daraja la Bladensburg, akafunga kamba za viatu, kisha akavuka na watu thelathini na watano wenye fulana nyekundu. Leonard aliwaona dirishani. Alichukua koti, akatokea mlango wa jikoni, akaenda Texas kwa shemeji yake, na hajarudi mpaka leo. Vaileth alisaini. Ulibaki mkutano mmoja.

Katikati ya wiki Festus alimpigia Honorata simu. Kubadili katiba kulihitaji theluthi mbili, na kwa hesabu yake ilipungua kura moja.

"Nisaidie na hiyo vote yako, Honorata. Nikiingia tu, Vaileth ana-go home first thing. Naapa."

Honorata alimfahamu Festus. Alifahamu pia kwamba Vaileth alikuwa na wiki tatu kwenye jokofu la watu. Alikubali.

Jumamosi hiyo Nyaguthii wa fulana nyekundu alipendekeza Festus awe mwenyekiti wa maisha. Festus alikataa. Wakamwomba tena, akakataa, mkono kifuani. Wakamwomba mara ya tatu, akakataa huku akifuta macho. Warumi, ambao mchezo huo waliwahi kuuona kwao, walikuwa wanahesabu kwa vidole, na ilipofika tatu walianza kupiga makofi kabla ya wengine.

"Mimi sitaki cheo," alisema Festus. "Hapa sisi wote ni sawa. Nyinyi Watanzania mko na ile word yenu, ndugu. Basi niiteni ndugu tu. Ndugu wa Kwanza."

Watanzania, ambao tangu utotoni hawakuwa wamesikia neno hilo likitamkwa kwa hisia, walilengwa na machozi. Mikono ikapanda. Honorata aliunyosha wake, akageuka, akaona na Vaileth ameunyosha, kwa kuwa alishasaini mara ya tatu na sasa alikuwa hai.

Mzee wa matundu naye alikuwa amenyosha. Kwenye chai Honorata alimuuliza kwa nini.

"Zamani nilikataa," alisema mzee, akajikuna mgongo.

Ndugu wa Kwanza aliheshimu katiba neno kwa neno. Mikutano iliendelea kila Jumamosi, akidi ilihesabiwa, na kila aliyeingia mlangoni alitangazwa kuwa hai. Ila mambo ya misiba yasiwachoshe wanachama, alisema, atayabeba yeye peke yake. Kila ilipofika ajenda ya sita alisema, "Hiyo niachieni. Naangalia."

Alikuwa bado anaangalia wakati nyumba ya maiti ilipochoka kungoja, wakamzika Vaileth huko huko Maryland, karibu na barabara kuu ya malori. Waliohudhuria walikuwa Honorata na Vaileth mwenyewe, wamesimama kwenye tope bega kwa bega. Honorata alilia mpaka sauti ikamkauka. Alimwomba msamaha.

"Hujanikosea, dada," alisema Vaileth. "Kura tulipiga wote."

Mwezi wa kumi na mbili zilitolewa zawadi za mwaka. Cheti cha Mwanachama Hai Bora kilikwenda kwa Vaileth, ambaye hakukosa mkutano hata mmoja tangu azikwe. "Mngekuwa wote kama huyu," alisema Ndugu wa Kwanza, "umoja wetu ungekuwa mbali." Vaileth alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, akarudi kukaa kati ya Honorata na mzee wa matundu. Alikisoma cheti mbele, akakigeuza, akaangalia na nyuma.

"Dada," alinong'ona, "hiki nikikionyesha uwanja wa ndege, watanipitisha?"

Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Honorata aliinamia muhtasari, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaandika: Makofi.